Mkono wa Kushoto wa Jonan

"Milioni sita na laki nane!" Kosiya alilipiga teke sanduku la chuma, likabingirika hadi katikati ya ua. "Jonan, nakuuliza mara ya mwisho mbele ya watu. Pesa iko wapi?"

"Usilipige sanduku," Jonan alijibu kwa upole. "Halina kosa."

"Mwenye kosa ni nani, basi?"

"Mimi. Ama huu hapa, ndio ulioigawa." Akaushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauinua kama mtu anayeinua kuku kwa miguu, akawaonyesha watu wote.

Hakuna aliyecheka. Kabugho, mke wake, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, na kama si haya ya wageni angempiga nao mumewe palepale. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa alikuwa hajawahi kumsikia mtu akimdai Jonan hata shilingi mia. Leo ua mzima ulikuwa unamdai.

Ilikuwa wiki ya kugawana. Huko Bwera, mji wa mpakani, chama cha akiba huweka pesa yake mwaka mzima ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Funguo huwa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne, mwaka huo Jonan, ambaye hana ufunguo wowote, ili mwizi yeyote alazimike kuwa watu wanne. Kabla ya Krismasi hufunguliwa, kila mtu akachukua chake. Mpango mzuri, ila watu waliuvunja kwa ujinga wao wenyewe. Kosiya, mwenyekiti, alipopanda mlimani kumzika shangazi yake, aliuacha ufunguo wake kwa Jonan. Sosthène, mfanyabiashara wa vitenge, alipovuka mpaka kwenda Butembo, akamwachia wa kwake. Night, fundi cherehani, alipokwenda kujifungua, naye vilevile. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alijisemea kwamba funguo mbili ziko kwa wengine, huu mmoja peke yake utafungua nini?

Na wangemwogopea nini Jonan? Huyu alikuwa mlokole wa kweli. Kwenye stoo yake ya kahawa alikuwa akimpimia mkulima, kisha anamwongezea kilo moja kwa madai kwamba mzani wake ni mzee na huenda unakosea. Kabla ya kuokoka alikuwa mtu mwingine kabisa, hilo alilishuhudia mwenyewe kanisani kila mwaka. Akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, Yesu alimshukia siku moja tu, na ukali wote ukamtoka.

"Uliwapa akina nani?" Kosiya aliuliza.

"Watu waliokuwa wanavuka pale mpakani, Mpondwe. Wenye mizigo kichwani. Walikuwa wanatoka kwenye vita, Kosiya. Nilianza na noti moja. Halafu mkono ukakataa kusimama."

Sosthène akajitokeza mbele, jasho linamtiririka.

"Papa Jonan, unisikilize muzuri. Bale batu balitoka wapi?"

"Beni."

"Na mimi niko mutu ya wapi?"

"Beni."

"Sasa feza ya mutu ya Beni umekamata, umepatia batu ya Beni benye haujue hata majina, na mutu ya Beni mwenye anakula na wewe kila siku umemuacha na sanduku! Si ungenipatia mimi moja kwa moja, nikimbie nayo?"

Hapo watu walicheka, wakiwa na hasira zao. Hata Jonan alicheka. Kabugho peke yake ndiye aliyeona kwamba Jonan aliendelea kucheka baada ya wengine wote kunyamaza, mdomo ukicheka na macho yakiwa yametulia kabisa, yakiutazama ukuta.

*

Mambo yalikuwa yameanzia kwenye kifungo cha shati.

Jumapili moja Jonan alikuwa anavaa kwenda kanisani. Mkono wa kulia ukafunga kifungo cha juu. Wa kushoto ukapanda nyuma yake, ukakifungua. Wa kulia ukafunga cha pili, wa kushoto ukafungua cha pili. Kabugho alicheka hadi akakaa kitandani. "Wewe, utafika kanisani uchi!" Jonan naye akacheka, lakini kulikuwa na baridi asubuhi ile na paji lake la uso lilikuwa limelowa jasho.

Wiki mbili baadaye, kapu la sadaka lilipopita, mkono wa kulia uliweka noti ya elfu tano. Wa kushoto ukaingia kapuni, ukaitoa, ukamwekea mapajani mama mmoja mjane aliyekaa karibu. Mjane alifikiri ni Roho Mtakatifu. Mzee wa kanisa alifikiria vingine.

Ikaja harufu. "Kahawa inaungua," Jonan alikuwa akisema, na Kabugho anakimbilia jikoni, anakuta jiko baridi na hakuna chochote juu yake. Kisha siku moja adhuhuri, ndani ya stoo, jua likiwa limepiga mabati mpaka yanatoa mlio, Jonan alikuwa anataja uzito wa gunia, akasema "arobaini na," akaishia hapo, na Kabugho alipoinua kichwa alimwona amesimama bila kupepesa jicho, mdomo ukitafuna kitu ambacho hakikuwamo, na mkono wa kushoto umeishika ndoano ya mzani ukiivuta chini, ukiivuta kwa nguvu ambayo mtu yule mwembamba hakuwa nayo, mpaka mshale ukafika mwisho wa namba na mbao za dari zikaanza kulia, na muda huo wote mkono wa kulia ulikuwa ukiupiga wa kushoto, taratibu, kama mzazi anayemkanya mtoto mbele ya wageni, hata ndoano ikaachiwa ghafla, magunia yakaruka, naye akamalizia kwa sauti yake ya kila siku: "na mbili na nusu."

"Jonan," Kabugho alinong'ona. "Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Kwa nini unanitazama hivyo?"

Bwera haina siri. Majirani walisema alinunua jini la utajiri ng'ambo, na kwamba jini la namna hiyo hulipwa kwa watoto, ndiyo maana Kabugho hajazaa. Wanawake kisimani walimwuliza, "Nyabo, mgeni wenu hajambo?" Kabugho aliwahi kummwagia mmoja wao maji ya ndoo nzima kwa swali hilo.

Kuhusu mtoto, hilo ndilo lililomfunga kwa Jonan kuliko pete. Mama mkwe, aliyeishi nyumba ya nyuma kwenye ua huohuo, alikuwa ameshaleta wasichana wawili kwa visingizio vya kusaidia kazi. Mara zote mbili Jonan aliwapa nauli ya kurudi kwao. "Mama, nilioa mke. Sikununua mbegu." Alilisema mbele ya ukoo mzima. Kila jioni akipewa chakula alimshukuru mkewe kwa Kikonzo, "Wasingya," kisha anausugua mkono wa mkewe kwa kidole gumba cha kushoto, hapa juu ya kifundo. Mwanamke aliyetetewa namna hiyo anaweza kuuza chochote.

Naye akauza. Shamba aliloachiwa na babake mlimani, lenye kahawa yake, kwa milioni kumi na nane. Milioni sita na laki nane alimhesabia Kosiya mbele ya chama kizima. Iliyobaki akaifunga kiunoni, akasema itamtoa mumewe hicho kilichomwingia, kiwe nini, kiwe nani.

*

Hajati Ramula aliishi Katunguru, karibu na daraja la mfereji wa Kazinga. Watu wa dini zote walimwendea kwa mambo ya majini, Wakristo wakipitia mlango wa nyuma. Alifunga mapazia saa saba mchana, akawasha ubani, akamwaga chumvi ya Katwe kuzunguka mkeka aliokalia Jonan. Nje viboko walikuwa wakiguna majini, na harufu ya samaki waliokaushwa iliingia ikachanganyika na moshi.

"Usiseme chochote, Mama," Ramula alimnong'oneza Kabugho. "Hata kikikuita jina."

Alisoma dua muda mrefu. Jonan alikaa tu, mpole, kama mtu anayesubiri basi. Kisha akasema, "Kahawa inaungua," na macho yakasimama.

"Wewe uliyemo," Ramula aliita kwa sauti ya chini. "Uliingia lini?"

Kabugho alitegemea kusikia ngurumo. Iliyojibu ilikuwa sauti ya Jonan ileile, polepole tu, kama inayotokea chumba cha pili.

"Zamani. Kabla ya huyu mwanamke."

"Ulimkuta wapi?"

"Shambani kwa baba yake. Alikuwa anampiga mdogo wake kwa mpini wa jembe. Mdogo alikuwa ameshalala chini, naye bado anapiga. Nikamshika mkono."

Moshi ulikuwa umesimama hewani bila kusogea, na Kabugho alimgeukia Jonan, kwa sababu hadithi ile hakuwahi kuisikia, si kwa Jonan, si kwa mama yake, si kwenye ushuhuda wowote kanisani, na alipokuwa anamtazama aliuona mkono wa kushoto ukitoka kwenye paja la Jonan, ukitambaa juu ya mkeka kwa vidole, ukiivuka chumvi kana kwamba ni vumbi, ukija, ukipanda gotini kwake, mpaka ukakishika kifundo cha mkono wake ukakaza, na kidole gumba kikaanza kusugua, pole pole, mahali palepale pa kila jioni.

Ramula aliinuka akarudi nyuma hadi ukutani.

"Fungua pazia," alisema. "Fungua! Mimi huyu simtoi."

"Kwa nini? Nimelipa."

"Chukua pesa yako. Nimetoa majini miaka mingi, Mama. Huingia kuharibu nyumba. Huyu ameingia akaijenga. Sasa amekua, nyumba haimtoshi tena, ndiyo maana inapasuka. Nikimtoa, atakayebaki ndani ni nani? Wewe unamjua?"

"Atabaki mume wangu!"

"Hujanisikia." Ramula alikuwa ananong'ona tena, akimrudishia noti. "Nenda ukamwulize mkwe wako, huyo mwanawe zamani alikuwa mtu gani."

Kabugho alitoka kwa hasira. Alijua ujanja huo: mganga hukataa ili bei ipande. Hakumwuliza mama mkwe kitu. Alisimamisha gari la kwanza lililokuwa linaelekea Mbarara, akampandisha Jonan kama mzigo.

*

Daktari wa hospitali moja kubwa huko alikuwa kijana, na alikuwa na subira. Aliweka picha ya kichwa ukutani, akaonyesha doa jeupe, mviringo, limekaa mbele kati ya pande mbili za ubongo, kama yai lililotagwa mahali pasipofaa.

"Huu ni uvimbe, Mama. Si saratani. Unakua polepole sana. Ndio unaomletea hiyo harufu, na huo mkono. Umebanwa mahali ambapo pande mbili husikilizana, sasa kila upande unafanya lake."

"Na pesa ya watu? Uvimbe unaiba?"

"Hauibi. Lakini kuna sehemu ya ubongo ambayo ni breki. Mtu anataka kutoa, breki inamwambia basi. Ukiikandamiza hiyo, anaendelea."

"Kwa hiyo si yeye aliyeiba."

Daktari alikuna shingo. "Sheria itasema yake. Mimi naona picha tu."

"Umeanza lini huo?"

"Kwa ukubwa huu? Miaka mingi. Kumi na mitano, huenda zaidi. Sina hakika."

Kabugho hakuwa amesoma sana, lakini alikuwa mfanyabiashara. Alihesabu pale pale. Jonan alikuwa na miaka thelathini na saba. Alitoa kumi na mitano. Akapata ishirini na miwili, mwaka wa kuokoka kwake, mwaka ambao ukali wote ulimtoka siku moja.

"Daktari. Mtu anaweza kuwa mwema kwa sababu ya uvimbe?"

"Tumeona tabia ikibadilika. Mara nyingi huwa mbaya. Mara chache..." Akaigeukia picha.

"Basi mimi niliolewa na nani?"

"Mama, swali hilo kampelekee mchungaji wako. Mimi nikiuacha, mumeo atakufa kabla ya Pasaka. Nikiutoa, ataishi. Weka sahihi hapa, au usiweke."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake na Hajati Ramula alikuwa masikioni. Nenda ukamwulize mkwe wako. Kitandani Jonan alikuwa anamtazama mkewe kwa macho yale ya upole, na mkono wa kushoto ulikuwa umeikamata shuka, hautaki kuiacha.

Aliweka sahihi. Ungefanya nini wewe?

*

Walimrudisha Bwera mwezi wa pili, kichwa kimenyolewa, kovu limepita kutoka sikio hadi sikio. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala. Daktari alisema huenda usiamke tena. Harufu iliisha. Vifungo vilikaa. Chama kizima kilikuja kumshukuru Mungu, na Sosthène alileta mchele.

"Papa Jonan, karibu tena. Ile maneno ya feza imekwisha, mama alishalipa yote."

"Najua," Jonan alisema. "Na wewe ulikuwa unakula kwangu kila siku. Mchele huu ni kilo ngapi?"

Sosthène alifikiri ni mzaha. Alicheka, akamtazama Kabugho, akaacha kucheka.

Jioni ile Kabugho aliweka chakula mezani akasubiri. Jonan alikula chote, akasukuma sahani. "Wasingya" haikuja. Kesho yake alikwenda stoo, akafungua mzani, akaufunga tena kwa namna anayoijua yeye, na mkulima wa kwanza akatoka amepungukiwa kilo tatu. Mama mkwe alikuwa anapita uani akiimba. Alikuwa mwepesi kwa furaha, kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa mwanawe aliyepotea.

"Umemrudisha," alimwambia Kabugho. "Huyu ndiye niliyemzaa. Yule mwingine nilikuwa namwogopa. Alinipenda kama mgeni."

"Alimpiga mdogo wake kwa mpini wa jembe?"

Mama mkwe aliacha kuimba. "Nani alikuambia? Hatukuwahi kulisema nje."

Wiki haikuisha, msichana wa tatu akaletwa, kutoka Muhokya, na safari hii hakuna aliyempa nauli. Kabugho aliingia ndani akamkuta Jonan mezani, mkono wa kushoto umelazwa kando ya sahani kama kitu cha mtu mwingine.

"Huyo binti anatafuta nini hapa?"

"Atazaa."

"Ulisema hukununua mbegu. Ulisema mbele ya ukoo wako wote!"

"Sikusema mimi." Jonan aliongea bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kabugho. "Nakumbuka kila kitu, usidhani nimesahau. Miaka yote hiyo nilikuwa namwona akigawa vitu vyangu, akiwachekea watu nisiowapenda, nami niko nyuma kama mtu aliyefungiwa chumbani, nagonga na hakuna anayefungua. Nilikuona ukiingia nyumba hii. Sikukuchagua. Mahari aliitoa yeye, kwa ng'ombe wangu."

"Jonan, nyamaza. Ni dawa zinakusemesha."

"Kila mtu hapa amekubali kwamba pesa ya sanduku haikuchukuliwa na Jonan, ni jini, ni uvimbe, iteni mnavyotaka. Vizuri. Basi aliyekuoa ni huyohuyo. Mlimkata Mbarara wakamtupa. Kamfuate kwenye taka za hospitali."

"Nimeuza shamba la baba yangu kukuokoa."

"Nani alikutuma? Sidaiwi deni la jini."

Kabugho alikaa upande wa pili wa meza. Nje msichana wa Muhokya alikuwa anafagia ua. Ndani Kabugho alisikia kucha zikikwaruza mbao za meza, akafikiri ni panya, akatazama, akaona vidole vya mkono uliolala vikijikunja kimoja kimoja, na mkono ule ambao daktari alisema huenda usiamke ukajivuta kwenye meza, ukiburuza bega la Jonan nyuma yake, ukaisukuma sahani ikaanguka, ukaja mpaka ukakishika kifundo cha mkono wake, na kidole gumba kikaanza kusugua, dhaifu, taratibu, pale pale.

Uso wa Jonan ukawa wa majivu. "Toka," alinong'ona, akitazama mkono wake mwenyewe. "Toka! Walisema wamekutoa!" Akaupiga kwa mkono wa kulia, akaupiga tena kwa ngumi, vidole vya kushoto vikapasuka vikatoka damu. Haukuachia.

Kabugho hakuuvuta mkono wake. Machozi yalikuwa yanamshuka, na mwanamke mwingine angeubusu ule mkono. Lakini yeye alikuwa mtu wa kununua na kuuza kwa haki, na alipokuwa ameshikwa hivyo aliwaza jambo moja wazi kabisa: huyu mpole naye alizichukua funguo tatu za watu waliomwamini, akafungua, akagawa, akamwachia yeye alipe. Alimsugua mkono kila jioni na hakumwambia yeye ni nani. Mmoja alimwibia kwa wema, mwingine anamdhulumu kwa ukatili, na wote wawili wanalala kwenye kitanda kimoja na kula sahani moja, na kila mmoja, akidaiwa, anamwonyesha kidole mwenzake.

Aliinua macho kwenye uso ule, kisha akayashusha kwenye mkono, kisha tena usoni, ili kila mmoja asikie.

"Sikilizeni. Nawadai nyinyi wawili. Mtagawana vipi sijui, hilo ni lenu. Milioni kumi na nane. Lipeni."